Nusu ya Njia Iliyobaki

Jumamosi moja kabla ya sikukuu ya kijiji, Felicisima alikuwa jikoni akikoroga biko aliposikia pikipiki ya abiria inasimama barabarani. Hakuinuka. Biko ni wali wa kunata unaopikwa kwa tui na sukari guru, na ukiupa mgongo kidogo tu unashika sufuria. Alimwambia binti yake achungulie dirishani aone baba yake amefika wapi.

"Ameupita mpera, Ma," alisema Perlita. "Yuko chini ya ngazi."

"Chini ya ngazi wapi? Sema vizuri."

"Hapa hapa. Ngazi hajaigusa, lakini akipiga chafya ataipata."

Felicisima alipiga hesabu huku mwiko ukizunguka. Mwaka jana mumewe alikomea kwenye mpera, mita kumi kutoka kitandani kwa mama yake. Mwaka huu zimebaki tano. Hesabu ilikuwa sawa. Akaepua sufuria, akajifuta jasho, akateremka kwenda kumbusu mumewe.

Kijijini kwetu Tinubdan hakuna aliyelishangaa jambo hili. Eleuterio, ambaye wote tunamwita Teroy, ni baharia, na kila mwaka kampuni iliyomwajiri humpa likizo ya kwenda nyumbani nusu ya njia iliyobaki. Si nusu ya muda, ni nusu ya njia. Likizo ya kwanza alitoka Rotterdam akafika Bombay. Ya pili akafika Bangkok. Ya tatu ilimwangukia katikati ya bahari, akaimaliza kwenye sitaha ya meli ya mchele akicheza karata na watu asiowajua. Ya nne ikamfikisha Manila, Felicisima akamfuata huko, na Perlita ndiye zao la likizo hiyo. Baadaye ikawa Iloilo, ikawa Cebu, ikawa bandarini kwetu, ikawa njia panda, ikawa kanisani, ikawa kwa jirani mwenye nguruwe.

Akifika mahali pake, miguu inakoma. Haimuumi. Ni kama nyati aliyefungwa kamba, ila kwa kinyume: anaweza kwenda kushoto, kulia, nyuma, na kuzunguka duara zima ambalo kitanda cha mama yake ndicho kitovu chake, ila ndani ya duara hapeleki hata kidole. Mkono akiunyoosha unakomea pale pale. Na kwa kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, Teroy hakukaa bure. Kila mwaka alitengeneza kila kilichokuwa kwenye duara lake: ua wa jirani, bomba la maji, paa la banda la nguruwe. Ukipanda mnara wa kanisa unayaona maduara yenyewe, nyasi zimelala kwa kukanyagwa, kubwa nje na dogo ndani, yote yameizunguka nyumba yake.

Chanzo cha mambo yote ni sahani. Siku Teroy alipokwenda Manila kuomba kazi, mezani ofisini kulikuwa na sahani ya puto, vile vikeki vya mchele vya kupikwa kwa mvuke, na kimebaki kimoja. Bwana Garduque, afisa wa ajira, akaisogeza sahani mbele yake. "Malizia, kijana," akasema. Teroy hakuwa ametia kitu tumboni tangu alipopanda meli. Lakini kwetu kipande cha mwisho hakimalizwi. Kipande hicho ni cha haya. Mtu aliyelelewa akaleleka hukimega katikati, akachukua nusu, akamwachia mwenzake. Mwenzake naye huimega ile nusu. Na hivyo hivyo mpaka sisimizi waje kutuokoa. Teroy akamega nusu. Akasema asante sana bosi, inatosha.

Bwana Garduque aliitazama ile nusu iliyobaki, akaonekana kuipenda. Kisha akauliza kijana angetaka likizo ya namna gani, na alipomwona anatafuta jibu la adabu, akamsaidia.

"Tuseme nusu ya njia? Na mwaka unaofuata nusu ya inayobaki?"

"Nusu inatosha kabisa, bosi."

"Na nyumbani hasa ni wapi?"

"Kitandani kwa mama, bosi, pembeni ya dirisha."

Ikaandikwa hivyo. Tangu hapo kampuni ikaona ni utaratibu mzuri, ikawapa mabaharia wake wote.

Sasa mama mwenyewe, Nanay Bonifacia, alikuwa na miaka themanini na minne, na wakati wa masika alikuwa ameanguka akavunjika nyonga. Alilala kwenye kitanda cha mianzi ambacho marehemu mumewe alikifunga kwenye nguzo nne za nyumba kwa kamba za henzirani ya porini, akakaza fundo kiasi kwamba siku aliyokufa walijaribu kukifungua wakashindwa. Daktari alisema asiinuliwe, asikalishwe, asiteremshwe kwa ngazi ile iliyosimama wima kama mnazi. Alisema pia, akiwa ukumbini na kwa sauti ya chini, kwamba Krismasi anaweza kuiona na anaweza asiione. Nyumba ya mianzi haina sauti ya chini. Nanay Bonifacia alisikia, akajibu kutoka kitandani kwamba Krismasi ameshaziona nyingi, zote zinafanana.

Alichotaka ni kimoja. Kwetu jioni kengele ya sala ikilia, mdogo humwendea mkubwa, akauchukua mkono wake na kuuweka kwenye paji la uso. Ndivyo watu wanavyobarikiwa. Mkono wa Nanay Bonifacia ulikuwa umebariki wajukuu, majirani, watoto wa majirani, na mara moja, kwa makosa, muuza bima. Paji la mwanawe wa mwisho haukuligusa miaka ishirini na mmoja.

"Dong!" aliita mama yake jioni ile kengele ilipolia, kama tunavyowaita watoto wa kiume kwetu. "Umefika wapi?"

"Chini ya ngazi, Nay!"

"Panda basi."

"Siwezi, Nay. Zimebaki mita tano."

"Mwaka jana ulisema kumi."

"Ndiyo. Mwakani zitabaki mbili na nusu."

Nanay Bonifacia alihesabu kwa vidole. "Mwakani mimi sitakuwepo," alisema hatimaye. "Mjinga wewe. Umepewa keki nzima, ukarudisha nusu. Ungekula, leo ungekuwa hapa."

Teroy aliinamisha kichwa. Alimlilia mama yake pale pale chini ya ngazi, waziwazi, kamasi na yote, kisha Perlita akamletea biko kwenye jani la mgomba, akala.

Jumatatu Felicisima alikuwa chuoni mjini, ambako anafundisha hisabati, na wiki hiyo zamu ilikuwa ya mifuatano na mifululizo. Kwa kuwa mfano mwingine hakuwa nao karibu, alimtumia mumewe. Aliandika ubaoni: ishirini, kumi, tano, mbili na nusu.

"Huu ni mfuatano," alisema. "Namba zimepanga foleni, kila moja na zamu yake, na kanuni inasema inayofuata ni ipi. Unaelekea wapi?"

"Kwenye sifuri, Ma'am."

"Unafika?"

"Haufiki, Ma'am. Unakaribia tu."

"Unakaribia kiasi gani?"

"Kiasi chochote utakachotaja, Ma'am," alisema Junrey, ambaye hukaa nyuma ili apate kulala. "Ukitaja upana wa unywele, utafika mwaka ambao Sir yuko karibu kuliko upana wa unywele, na tangu mwaka huo hatoki tena nje ya hapo. Ila kitandani haingii."

Darasa likaangua kicheko. Felicisima naye alicheka, maana jibu lilikuwa sahihi, na akampa alama.

"Sasa tusitazame amesimama wapi. Tutazame hatua zake. Kumi, kisha tano, kisha mbili na nusu. Ukizijumlisha hatua hizo bila kukoma, huo ni mfululizo. Hatua hazina mwisho, lakini jumla yake haitapita ishirini hata akitembea mpaka kiyama. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakuwa wameonja haba ya Bwana Garduque."

Aligeuka akaandika mwingine: nusu, theluthi, robo, sehemu ya tano, sehemu ya sita.

"Hizi nazo zinapungua kila mara. Mtu akizitazama juujuu atasema ni yale yale. Siyo. Jumla ya hizi haina dari. Itajaza kibaba, itajaza debe, itajaza ghala la mchele la serikali. Itachelewa, lakini itajaza. Kwa hiyo msinidanganye kwamba mradi vipande vinakuwa vidogo basi jumla ina mwisho. Inategemea vinapungua kwa mwendo gani. Kuna kupungua na kupungua."

Hapo chaki ilimkwamia hewani. Alikaa hivyo mpaka Junrey akamuuliza kama ni mapumziko. Akasema ndiyo, akatoka nje na simu.

Bwana Garduque aliipokea simu kwa uchangamfu. Alikuwa mtu mzuri wa kuzungumza naye, na bado ni hivyo. Alimuuliza habari za mvua, habari za Perlita, habari za nyonga ya bibi.

"Bwana Garduque," alisema Felicisima, "nyie mnachotaka ni kwamba kila mwaka hatua iwe fupi kuliko ya mwaka uliopita. Siyo?"

"Ndiyo, Ma'am. Mtu asije akazoea."

"Basi mpeni nusu mita. Mwaka unaofuata theluthi ya mita, halafu robo, halafu sehemu ya tano. Zinapungua daima. Kampuni haipotezi kitu."

Vidole vilisikika vikigonga kikokotoo.

"Ma'am, unanitega," alisema Bwana Garduque, akacheka kwa furaha ya kweli. "Hizi zinafika! Mimi nilisoma uhandisi, Ma'am, mambo haya nilikuwa nayapenda. Ngoja. Kwa mita tano... atafika baada ya miaka mia mbili na ishirini na kitu."

"Lakini atafika."

"Atafika, sikatai. Nikuandikie hivyo?"

Felicisima alisimama chini ya mwembe wa chuo akiwatazama wanafunzi wakigombea ndizi za kukaanga. Alikuwa na njia mbili. Kwa moja mumewe angekuja karibu upesi asifike. Kwa nyingine angefika, akute hakuna mtu.

"Acha," alisema. "Mpe tu zote tano kwa mara moja. Mama yake anakufa."

"Pole sana, Ma'am. Kwa moyo wangu wote. Mimi pia nina mama, yuko Batangas, sijamwona tangu Pasaka. Lakini nikimruhusu mmoja kufika, hao wengine mia nne nao si watataka kufika?"

"Na kama mama mwenyewe ndiye atamfuata nje?"

"Hilo la kwenu, Ma'am. Sisi tulipima mahali, bibi hatukumpima. Kitanda pelekeni mnakotaka. Kwetu nyumbani ni pale pale palipoandikwa."

Alimshukuru, naye akamtakia sikukuu njema.

Jioni hiyo Kap Olimpio, mwenyekiti wa kijiji, alikuja kula, kama anavyofanya kila anaposikia harufu ya biko. Walikaa wote chini ya ngazi kwenye duara la Teroy, sahani katikati, na Nanay Bonifacia akishiriki mazungumzo kupitia sakafuni. Felicisima alieleza maneno ya Bwana Garduque.

"Kitanda kinaweza kutoka, basi," alisema Kap.

"Kimefungwa kwenye nguzo za nyumba, Kap. Unavijua vifundo vya marehemu Tatay."

"Navijua. Kwa hiyo kitanda hakitoki kwenye nyumba."

"Hakitoki."

"Na bibi hatoki kwenye kitanda."

"Hatoki."

Kap alimega nusu ya kipande cha mwisho, akakitafuna polepole, akaitazama nyumba kuanzia makuti mpaka miguu yake ya mianzi iliyokaa juu ya mawe. Kando ya mawe ilirundikwa mifuko ya saruji. Teroy alituma fedha za kujenga nyumba ya zege miaka sita iliyopita, saruji ikanunuliwa, kisha Nanay Bonifacia akasema akilazwa ndani ya zege atajiona ameshazikwa. Hivyo mifuko ilikaa mpaka ikagandamana, na kuku wakaanza kutagia juu yake.

"Na nyumba yenyewe," aliuliza Kap, "imefungwa na nini?"

Wote waliyatazama yale mawe. Nyumba ilikuwa imekaa tu juu yake.

"Jumapili baada ya misa," alisema Kap, akamgeukia Felicisima. "Simang, wewe pika. Wabebaji wakila vibaya nyumba inapinda."

Kubeba nyumba si jambo geni Tinubdan. Zamani mtu akigombana na jirani, au mto ukimsogelea, watu walikuja na mianzi, wakaibeba nyumba yake mpaka alipotaka, wakala, wakaenda zao. Ila nyumba yenye mgonjwa ndani hatukuwahi kuibeba. Jumapili ile wanaume walikuja wakiwa bado na mashati ya kanisani. Walipitisha mianzi minene chini ya sakafu, kwa marefu na mapana, wakafunga. Mtu mmoja alileta gitaa, maana bila gitaa watu hawainui pamoja. Wanafunzi wa Felicisima walikuja na kamba ya kupimia, na Junrey, macho yamefumbuka kwa mara ya kwanza mwaka ule, akapigilia kijiti pale ambapo ubavu wa kitanda ungetakiwa kukaa. Teroy alirudi nyuma mpaka barabarani kuipisha nyumba yake.

"Nay!" aliita Kap. "Uko tayari?"

"Tangu saa kumi na moja alfajiri niko tayari. Nyie ndio mlikuwa mnaimba."

"Moja, mbili, tatu!"

Nyumba ikainuka. Vyungu viligongana, picha ya Bikira Maria ikayumba, na kutoka dirishani Nanay Bonifacia akawa anaelekeza. Kushoto, si kushoto kwenu, kushoto kwangu. Wewe Dodo inua, una mkono wa biskuti? Nani huyo anakoroma, Olimpio? Mabega ya watu yaliipeleka mbele hatua kwa hatua, ikapita juu ya mahali ilipokuwa ngazi, na gitaa likapiga wimbo wa harusi kwa sababu mpigaji hakujua mwingine wa mwendo ule. Kisha wakaitua, taratibu kama mtu anayeweka yai.

Teroy akaja. Ngazi ilikuwa sasa nje kabisa ya duara lake. Akaweka mguu wa kwanza, ukakubali. Akapanda. Alisimama mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe, akavua viatu, akavipanga. Sakafu ya mianzi ililia chini ya miguu yake na Felicisima, aliyekuwa nyuma, alishika mdomo kwa mikono miwili. Akapita meza, akapita chungu cha maji, akaenda mpaka miguu ikakoma.

Ilikoma kabla ya kitanda. Alinyoosha mkono, ukakomea hewani. Mama yake naye akanyoosha wake kadiri nyonga ilivyomruhusu. Kati ya vidole na vidole palikuwa na nafasi ya kupitisha sahani.

Watu nje walichungulia kupitia nyufa za mianzi.

"Mmepungukiwa!" Nanay Bonifacia alipaza sauti. "Wavivu nyie! Nyumba nzima mmebeba, mkanibania kiganja! Inueni tena!"

"Tunamega nusu, Nay?" aliuliza Kap kutoka chini.

"Ukimega nusu nitakulaani wewe na kuku wako! Leta chote!"

Wakainua. Safari hii hapakuwa na gitaa, palikuwa na kuguna tu. Teroy alisimama kama aliyepandwa, na sakafu ikateleza chini ya nyayo zake, ikamletea mama yake polepole, mpaka ubao wa kitanda ukamgonga magoti. Akapiga magoti. Akauchukua ule mkono, mwepesi, wenye harufu ya mafuta ya nazi na dawa ya kuchua, akauweka kwenye paji la uso wake na kuushikilia hapo.

Mama yake hakuuondoa. Alimtazama utosi.

"Una mvi," alisema. Kisha akasema, "Umekula?"

Felicisima alilia kwa furaha mpaka akashindwa kupakua, ikabidi Perlita apakue. Biko lililiwa na kijiji kizima, kikabaki kipande kimoja kwenye sahani, kikaanza safari yake ya kumegwa. Kap akamega, Junrey akamega, mpiga gitaa akamega. Kilipofika kitandani kilikuwa sawa na kucha. Nanay Bonifacia alikitia chote mdomoni.

"Mniwie radhi," alisema akitafuna. "Haya zangu zimeisha. Nimewaachia nyie vijana."

Krismasi aliiona. Akaiona na ya pili, na ya tatu, na daktari akaacha kutaja tarehe. Alisema ana kazi ya kuelekeza nyumba. Na ni kweli, kwa sababu kampuni haikupima kitanda, ilipima mahali. Mwaka uliofuata Teroy alipokuja, miguu yake ilimpeleka ndani, ikampitisha kitandani, ikamtoa kwa mlango wa nyuma, akasimama uani mita mbili na nusu kutoka palipoandikwa. Watu wakaibeba nyumba kuirudisha nyuma kwa kiasi hicho. Mwaka wa pili wakairudisha nusu ya hapo, na wa tatu nusu ya nusu. Wabebaji wakawa wachache kila mwaka na chakula kikawa kile kile. Mwaka wa tano Kap aliisukuma kwa kiuno huku kashika kikombe cha kahawa. Felicisima aliweka hesabu hiyo ubaoni, nyumba na mume vyote vikielekea mahali pamoja bila kufika, na wanafunzi wake wengi walifaulu.

Si kila mtu alifaidika. Jirani yetu Editha naye ana mume baharia wa kampuni ile ile, na ana nyumba nzuri ya zege, ghorofa mbili, vigae vya waridi, nguzo za simba. Mumewe husimama nje ya uzio kila Desemba na kusifia rangi. Tulikwenda tukaishika nyumba ile kwa adabu, watu sitini, tukahesabu moja mbili tatu, ikabaki pale pale. Sasa Editha ananunua mianzi. Anajenga kibanda mbele ya ghorofa lake, cha makuti, chepesi, na majirani wasiojua wanadhani amefilisika.

Kampuni ilipata habari. Bwana Garduque alipiga simu kumpongeza Felicisima, na mwaka huo kalenda yao ilikuwa na picha ya nyumba ya Teroy ikiwa mabegani mwa watu, Nanay Bonifacia dirishani akinyoosha kidole, na chini yake maneno makubwa ya bluu: Nasi Mwishowe Hufika. Likizo ilibaki nusu. Felicisima ameitundika jikoni, kwa kuwa picha ni nzuri.

Mwaka jana Perlita alimaliza chuo cha mabaharia, akawa wa kwanza kwa alama. Asubuhi ya kwenda Manila, Felicisima alimsindikiza mpaka kituoni, akampa mayai ya kuchemsha na maneno aliyoyarudia tangu binti akiwa na miaka kumi na sita.

"Wakikuwekea sahani?"

"Nakula yote, Ma."

"Yote. Usimege. Na makombo ulambe. Wakuone huna adabu, wakuone umelelewa na mbwa."

"Najua, Ma. Mimi mwenyewe nilipakua biko siku ile."

Siku mbili hapakuwa na habari. Jioni ya tatu Felicisima alikuwa akisahihisha mitihani, Teroy yuko likizo, ameketi kando ya kitanda cha mama yake kwa umbali usioingia hata karatasi, akimchua mguu. Simu ikalia.

"Ma, nimepata kazi!"

Nyumba nzima ikapiga makofi. Nanay Bonifacia akagonga ukuta kwa fimbo.

"Hongera, mwanangu! Hongera sana! Meli gani? Utapanda lini?" Felicisima alisikiliza, akacheka, akasikiliza tena. Kisha akasogea dirishani. "Perlita. Na sahani?"

Kwenye simu zilisikika honi za magari ya Manila.

"Perlita?"

"Ma," alisema Perlita, "kulikuwa na watu."

Felicisima hakumgombeza. Alimwambia ale vizuri, avae soksi, apige simu. Alipokata, Teroy alikuwa ameshasimama. Ile mianzi ya kubebea bado ilikuwa chini ya sakafu, na wiki hiyo walikuwa wamepanga kuifungua, wamuuzie Editha. Alichukua tochi na kamba mpya, akateremka.

"Dong," mama yake alimwita kupitia sakafuni. "Unafanya nini huko chini?"

"Nakaza, Nay."

"Kaza fundo la baba yako," alisema Nanay Bonifacia. "Rotterdam ni mbali."